Sabufremu ya Mtumba: Namba ya Chasisi Kwanza, Jina la Gari Baadaye

SWALI

Shikamoo Mzee wetu wa safu ya magari. Nina Toyota Premio ya mwaka 2003 yenye injini ya 1NZ ya lita 1.5. Mwezi uliopita, nikitoka Iringa usiku, niliingia kwenye shimo karibu na karavati, na gurudumu la mbele la kushoto likapiga ukingo wa zege kwa nguvu. Tangu siku hiyo usukani hukaa kombo hata gari linapokwenda moja kwa moja, gari linavuta kushoto, na tairi la kushoto linalika upande wa nje. Fundi wangu amekwisha kubadilisha mkono wa chini na tairodi bila mafanikio, na sasa anasema sabufremu imepinda. Muuza spea mmoja wa Dar es Salaam amenitumia picha ya sabufremu ya mtumba, anasema ni "ya Premio", na anataka nimtumie fedha yote ndipo aipakie kwenye basi. Nitajuaje kama itaingia kwenye gari langu? Na je, ni salama kufunga kifaa cha namna hii kikiwa kimetumika?

*Msomaji, Morogoro*

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ajali hiyo. Usitume fedha kwanza. Maelezo uliyonipa yanaelekea kumpa fundi wako haki, lakini kuna jambo moja ambalo hajalieleza, nalo linaweza kukuokolea gharama yote.

Sabufremu ni kiunzi cha chuma kinachofungwa chini ya bodi kwa bolti chache nene, nacho ndicho kinachobeba mikono ya chini ambayo mafundi wengi huiita wishiboni, pamoja na reki ya stelingi inayogeuza magurudumu, stabilaiza na sehemu ya mauntini, yaani vishikio vya injini. Gurudumu linapopigwa kwa ubavu, nguvu hupita kwenye mkono wa chini na kuingia kwenye kiunzi hicho, na hapo mambo mawili yanaweza kutokea: ama chuma chenyewe kipinde, ama kiunzi kizima kiteleze milimita kadhaa kwenye matundu ya bolti zake huku kikiwa hakijapinda hata kidogo. Dalili za barabarani hufanana, lakini katika hali ya pili huhitaji kununua kitu, kwa sababu fundi hulegeza bolti, akairudisha sabufremu mahali pake kwa kufuata matundu ya kuelekezea yaliyomo kwenye kiunzi na kwenye bodi, kisha akakaza upya.

Ili kuzitofautisha, peleka gari kwenye mashine ya alaimenti na uombe karatasi ya vipimo vya magurudumu yote, si marekebisho. Tazama pembe ya kulala kwa gurudumu, ambayo mashine huiita kemba. Ikiwa gurudumu la kushoto limelalia nje, na la kulia limelalia ndani kwa kiasi kinachokaribiana, basi sabufremu yote imesogea kuelekea kulia. Ikiwa upande wa kulia uko sawa kabisa na wa kushoto peke yake ndio ulioharibika, tuhuma inarudi kwenye kona ile iliyopigwa: shokapu, kichwa cha gurudumu, au mahali mkono wa chini unaposhikia kwenye kiunzi. Kisha lala chini ya gari na tochi uangalie vichwa vya bolti kubwa za sabufremu. Ukiona pembeni mwa kichwa cha bolti alama safi yenye umbo la mwezi mwandamo, mahali ambapo vumbi na kutu havikuwahi kufika, hiyo ni alama ya kiunzi kilichoteleza.

Tuseme umefanya hayo yote na imethibitika kwamba chuma kimepinda. Sasa tuje kwenye "ya Premio", maana ndipo wasomaji wengi wanaoniandikia wanapopotezea fedha zao. Premio si gari moja. Kuna Corona Premio iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, ambayo chasisi zake ni kama AT210 na AT211. Kuna Premio iliyoingia sokoni Desemba 2001 na kuendelea hadi 2007, ambayo ndiyo yako, na chasisi yake kwa injini ya 1NZ ni NZT240. Kuna na ile iliyoanza 2007, NZT260, inayotumia injini hiyo hiyo ya 1NZ lakini imejengwa upya. Zote tatu watu huziita Premio tu, na muuzaji anaposema neno hilo hajakudanganya, ila hajakwambia chochote cha kukusaidia. Upande wa pili, Toyota Allion ya miaka ile ile kama gari lako nayo ina chasisi ya NZT240, kwa sababu Premio na Allion ni gari moja lililovalishwa sura mbili. Kwa hiyo sabufremu iliyotoka kwenye Allion NZT240 inakufaa kuliko iliyotoka kwenye Premio NZT260, ingawa jina lake si jina la gari lako.

Hata ndani ya kizazi kimoja usisimame kwenye mwaka peke yake. Gari lako lina ndugu mwenye injini ya 1ZZ ya lita 1.8, ZZT240, na mwingine wa magurudumu manne, yaani injini huyasukuma yote manne, ZZT245. Injini ikibadilika, mahali pa mauntini huweza kubadilika, na gari la magurudumu manne lina propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu nyuma, inayohitaji nafasi ya kupita. Tena magari haya yalifanyiwa maboresho Desemba 2004, na katalogi ya spea hutenganisha vifaa kwa mwezi wa kutengenezwa. Fungua boneti, piga picha kibati cha kiwandani chenye namba ya chasisi na kodi ya modeli, kisha mpe mtu mwenye katalogi ya Toyota akutafutie namba ya spea. Namba za Toyota zina tarakimu kumi: tano za kwanza hutaja aina ya kifaa, na kwa krosimemba ya mbele, ndiyo sabufremu kwa lugha ya katalogi, huwa ni 51201, na tano za mwisho hutaja muundo mahususi. Ukishaipata namba yako, tafuta katika katalogi hiyo hiyo namba ya spea ya gari ambalo sabufremu ya muuzaji imetoka. Zikilingana zote kumi, umemaliza nusu ya kazi. Usitegemee kuikuta namba imechorwa kwenye chuma chenyewe. Ndiyo sababu ni lazima muuzaji akuonyeshe chasisi ya gari ilikotoka, na asipoweza kuionyesha, mwulize mwingine.

Nusu iliyobaki ni ya macho na mikono, na picha ya simu haitoshi. Mtume ndugu aliye Dar es Salaam akiwa na futi, brashi ya waya na bisibisi. Kwanza apime kimshazari, kutoka katikati ya tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kutoka la mbele kulia hadi la nyuma kushoto. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana, na mimi binafsi hukataa kifaa kikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3. Wewe nawe pima umbali kati ya matundu kwenye sabufremu yako, ule usioguswa na ajali, mlinganishe kwa simu. Pili, atazame matundu ya bolti yenyewe: yawe duara kamili, si yai. Tatu, akwangue rangi mahali mikono ya chini inaposhikia.

Nasisitiza hilo la kukwangua kwa sababu lilinipata. Miaka mingi iliyopita nilimnunulia mteja sabufremu iliyopakwa rangi nyeusi nzuri, ikang'aa kama iliyotoka kiwandani jana, na kwa haraka ya Jumamosi sikuigusa. Bolti tatu ziliingia vizuri, ya nne ikakataa. Kijana wangu akatia mtaimbo, akakivuta kiunzi hadi bolti ikaingia, nami nikamwacha. Mteja alirudi baada ya wiki saba akiwa na tairi lililoisha ukingo mmoja hadi nyuzi zinaonekana. Tulipoishusha na kukwangua ile rangi, chini yake palikuwa na puti, na chini ya puti mkunjo ulionyooshwa kwa nyundo kwenye kona ile ile iliyokuwa imekataa bolti. Ile bolti ya nne ilikuwa imenieleza kila kitu na mimi sikuisikiliza. Nililipia tairi na sabufremu nyingine kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo hakuna mtaimbo unaotumika kuingizia bolti ya sabufremu katika gereji yangu.

Kuhusu usalama, kifaa kilichotumika hakina ubaya wowote kikiwa kimenyooka na hakina kutu wala nyufa, maana chuma hiki hakichakai kama breki. Angalia tu wasiwe wamekikata kwa gesi. Katika baadhi ya yadi, bolti ikigoma huchomwa, na chuma kilichopata moto mkali hubaki na rangi ya buluu au zambarau na hupoteza uimara wake. Kama unaweza kuipata ikiwa bado imefungwa kwenye kichwa cha gari kilichokatwa kizima kutoka Japani, hiyo ni afadhali zaidi, kwa kuwa utaona mwenyewe kama taa, bampa na mbavu za mbele zilipata ajali, na utaona kibati cha chasisi kikiwa mahali pake.

Malipo yafuate ukaguzi. Toa kishika uchumba kidogo, umalizie ndugu yako akisharidhika, na kwenye risiti iandikwe "sabufremu ya mbele NZT240" pamoja na siku za kurudisha ikiwa haitaingia. Sabufremu ya zamani usiitupe wala kumwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu hadi gari litembee, kwa sababu ndiyo kipimo chako cha mwisho: kabla ya kufunga, ziwekeni mbili hizo sakafuni ubavu kwa ubavu na mlinganishe kila tundu na kila kishikio.

Mkumbushe fundi mambo matatu siku ya kufunga. Usukani ufungwe usizunguke wakati reki imetenganishwa, la sivyo waya wa eabegi uliojiviringisha ndani yake utakatika. Bolti za mpira wa mikono ya chini zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia kwenye jeki, kwani mpira uliokazwa ukiwa umejipinda hupasuka mapema. Na alaimenti ifanyike siku hiyo hiyo, kabla hujarudi barabara ya Iringa.

SWALI

Bwana Mhariri, salamu kutoka Mombasa. Ninaendesha Nissan X-Trail ya NT30. Wakati wa kubadilisha mafuta, fundi alinionyesha ufa kwenye sabufremu ya mbele, karibu na mahali mkono wa chini unapofungwa, na pembeni yake chuma kimeliwa na kutu. Anasema ataichomelea na kuweka kipande cha bati juu yake kwa bei ndogo sana kuliko sabufremu ya mtumba. Nifuate ushauri wake?

*Msomaji, Mombasa*

JIBU

Hapana, ndugu yangu, na naomba usiendeshe gari hilo kwa mwendo wa barabara kuu hadi litengenezwe. Sehemu uliyoitaja ndiyo inayolishika gurudumu kila unapokanyaga breki. Ikiachia, gurudumu hurudi nyuma na usukani haukutii tena, na hilo halichagui liwe kwenye foleni ya Likoni au kwenye mteremko wa Mazeras.

Fundi wako huenda ni hodari wa kuchomelea, sibishani na hilo. Ila sabufremu ya aina hii imetengenezwa kwa mabati mawili yaliyokandamizwa na kuunganishwa kingo kwa kingo, na kutu huanzia ndani, kwenye uwazi usioonekana. Unachokiona nje ni sehemu ndogo tu ya kilichoharibika. Moto wa kuchomelea utashika vizuri kwenye chuma kizima, na pale penye kutu utakuwa umeshika ukoko, tena joto lenyewe huivuta bati ikajikunja na kuhamisha kishikio cha mkono. Kipande cha bati kitakachowekwa juu kitaficha ufa usionekane ukiendelea, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko ufa wenyewe.

Kwa hiyo tafuta nyingine, lakini chagua ilikotoka kwa uangalifu, kwa sababu wewe unaishi mahali penye hewa ya chumvi na huna haja ya kununua kutu ya mtu mwingine. Magari yaliyotumika Hokkaido na kaskazini mwa Japani hupita majira yote ya baridi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na Uingereza ni hivyo hivyo. Bodi yake huweza kung'aa kabisa huku chini pameoza. Chukua nyundo ndogo, ugonge sabufremu polepole mahali pengi, hasa chini kwenye mifereji ya kutolea maji. Chuma kizima hulia kwa sauti ya kengele, na kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha ingiza bisibisi kwenye matundu ya kutolea maji na uchokonoe: vumbi jekundu kidogo ni la kawaida, lakini yakitoka magamba, kiache.

Kuhusu kulingana, NT30 ni X-Trail ya kizazi cha kwanza kilichoanza mwaka 2000, na hiyo N ya mbele inaonyesha magurudumu manne. Kuna T30 ya magurudumu mawili na kuna NT31 ya kizazi kilichofuata 2007. Ulizia NT30 yenye injini na giaboksi kama ya gari lako, na umwambie muuzaji chasisi nzima, usimwambie "X-Trail ya zamani", kwa kuwa sasa wapo wanaoiita hata NT31 ya zamani.

Ukishaipata, kabla ya kuifunga ioshe, ikaushe kabisa, kisha nyunyizia ndani yake, kupitia matundu yale yale, dawa ya nta ya kuzuia kutu inayouzwa kwa ajili ya uwazi wa bodi. Rangi ya nje peke yake haiwezi kufika huko. Na usiyazibe matundu hayo, maana maji yakikosa pa kutokea hukaa humo na kuila upya.

SWALI

Mhariri, mimi niko Bujumbura na nina Corolla ya usukani wa kulia. Rafiki yangu anayeagiza spea kutoka Sharjah ameniambia anaweza kuniletea sabufremu ya mbele na ya nyuma kutoka Corolla ya mwaka uleule na injini ileile, kwa bei nzuri. Gari hilo la Sharjah lilikuwa la usukani wa kushoto. Je, kuna tofauti?

*Msomaji, Bujumbura*

JIBU

Ipo, tena kubwa, lakini ni kwa ile ya mbele. Reki ya stelingi hufungwa juu ya sabufremu ya mbele, na mhimili unaoshuka kutoka kwenye usukani huingia kwenye reki upande alipo dereva. Katika gari la usukani wa kushoto vishikio vya reki na nafasi ya mhimili huo vimepangwa kwa upande huo. Mafundi wengine hutoboa matundu mapya ili reki ya kulia ikae juu yake, na mimi siwezi kukubali hilo hata kidogo, kwa sababu tundu lililokosea milimita chache huinua ncha moja ya reki, na gari litageuka lenyewe kila gurudumu linapopita kwenye shimo. Emirati huendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo magari yaliyouzwa huko yakiwa mapya yana usukani wa kushoto, lakini katika yadi za Sharjah yamo pia magari yaliyokatwa yaliyoletwa kutoka Japani. Mwombe rafiki yako akutafutie kati ya hayo, na akupigie picha kibati cha chasisi pamoja na mahali reki inapokaa.

Ile ya nyuma haina reki ya stelingi, kwa hiyo upande wa usukani hauigusi sana, lakini kabla hajailipia hakikisha kwamba gari lako kweli lina sabufremu ya nyuma. Corolla nyingi za magurudumu mawili zina mhimili mmoja wa chuma unaounganisha magurudumu ya nyuma, uliofungwa moja kwa moja kwenye bodi, na anachokiita sabufremu huenda kimetoka kwenye gari la aina nyingine kabisa. Lala chini ya gari lako leo, upige picha kutoka nyuma ukiwa umewasha tochi, umtumie picha hiyo pamoja na ile ya kibati cha chasisi.